Bi Mkia na Ndege Wake Walioko Angani

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, mpiga picha wa kituo chetu cha kutafiti na kutunza ndege wa porini anarudisha ufunguo wa kabati la kamera na kustaafu. Kwenye barua za ofisi ana jina kamili na cheo kirefu. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kituo, tunamwita Bi Mkia, na yeye huitika akicheka. Mgeni akilisikia jina hilo hushtuka kidogo, kwa hiyo ni vizuri tuanzie hapo.

Bi Mkia hakuja hapa kwa ajili ya ndege. Alikuwa na studio ndogo mtaani, chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti cha kuzunguka na kioo cha wateja kuchania nywele, akipiga picha za pasipoti. Kituo kilimwita aje apige picha za vitambulisho vya wafanyakazi. Aliimaliza kazi hiyo kwa siku moja, na akamfanya hata mhasibu wa wakati ule atabasamu, jambo ambalo wakongwe wa hapa wanaapa kwamba halikutokea tena. Mkuu wa kituo akaona mtu wa namna hiyo asiachwe arudi mtaani. Akamwajiri kupiga picha za ndege waliohifadhiwa ghalani: ndege waliokaushwa, wakajazwa pamba, wakafungwa kikaratasi mguuni na kulazwa chali kwenye droo.

Mimi ndiye ninayeandika maneno yanayokaa chini ya picha zake, na meza zetu zimetazamana tangu siku hizo. Alifanya kazi ya droo kwa uaminifu, droo baada ya droo, mpaka siku moja aliponiinulia uso.

"Mwenzangu," akasema, "hivi hawa wote wamelala, sisi tunawapiga picha za nini? Kule studio nilikuwa namwambia mteja afumbue macho kwanza."

Nje ya dirisha letu mbayuwayu walikuwa wamejenga chini ya paa la ghala. Walikuwa wakiingia na kutoka kutwa nzima, na Bi Mkia aliwaita wapangaji. Mchana huo, badala ya kwenda kula, alichukua kamera akatoka kwenda kuwapiga picha wapangaji wakiruka.

Asiyewahi kujaribu anaweza kudhani ni jambo dogo. Mbayuwayu hapiti mahali alipopita jana. Anakuja kama jiwe lililorushwa, anakata kona bila taarifa, na unaposikia kitufe kimelia yeye yuko upande wa pili wa ghala. Kamera za siku zile zilitumia filamu, tena hazikujua kulenga zenyewe. Mpiga picha aliizungusha lenzi kwa mkono huku akimfuata ndege, akabonyeza kwa kubahatisha, kisha akasubiri filamu isafishwe ndipo ajue amevuna nini. Bi Mkia alivuna mikia. Mkia ukitokomea upande wa kushoto wa picha, mkia ukitokomea upande wa kulia, anga tupu, ukingo wa paa, halafu mkia tena.

Fundi wetu wa kusafisha picha alikuwa bwana mmoja mrefu, aliyeshinda kwenye chumba cha giza mpaka tukamwita Popo. Yeye ndiye aliyezianika picha hizo kwenye kamba, akazitazama moja moja, kisha akatoa kichwa mlangoni na kutangaza kwa heshima zote, "Bi Mkia, mzigo wako uko tayari." Kabla ya saa ya chakula kituo kizima kilikuwa kimelipokea jina hilo. Mtu mwingine angenuna. Yeye aliichagua picha mbaya kuliko zote, akaibandika ukutani juu ya meza yake, akasema huyo ndiye mteja wake wa kwanza aliyekataa kukaa kwenye kiti.

Mumewe ni fundi cherehani, na mchango wake katika kazi za kituo hiki haujawahi kuandikwa popote, basi na uandikwe leo. Alipoona mkewe anarudi nyumbani na mikia, alikusanya mabaki ya vitambaa dukani, akashona vifuko vidogo na kuvitia utepe mrefu nyuma. Kila jioni, akishafunga duka, alisimama pembe moja ya ua na kuvirusha angani, kimoja juu, kingine chini, kingine kwa pembeni, na mkewe akavifuata kwa kamera isiyo na filamu. Hapo ndipo Bi Mkia alipogundua kosa lake. Alikuwa akigeuza mikono peke yake. Ndege mwenye kasi kama yule anataka mwili mzima ugeuke, kuanzia nyayo. Hata leo, akimfundisha mtu, humshika mabega na kumwambia, "Wacha kidole. Hii kazi ni ya kiuno."

Ni katika mazoezi hayo ndipo mama mkwe wake alipoingia siku moja bila kubisha hodi. Akamkuta mwanawe anarusha vitu kwa nguvu, na mkamwana anajipinda huku na huku.

"We mwanangu!" akapaza sauti. "Ndivyo nilivyokulea? Unamtupia mkeo vitu?"

"Mama, tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Ya kupigana?"

Bi Mkia aliangua kicheko mpaka akakaa chini na kufunika uso. Mama mkwe akadhani analia. Akautua mfuko wake, akavua ndala, na fundi cherehani mwenye watoto wawili akakimbia kuzunguka ua wake mwenyewe akiomba asikilizwe. Bibi huyo aliisimulia hadithi hii yeye mwenyewe katika hafla zetu, akiigiza mbio za mwanawe, na hakuwahi kuimalizia bila kuongeza kwamba baada ya kuelezwa alivirusha vifuko yeye, na kwamba mkono wake ulikuwa na shabaha kuliko wa mwanawe.

Mambo yalibadilika katika msimu wa kiangazi, maji ya bwawa yalipopungua na mbayuwayu wakaanza kunywa karibu na ukingo. Mbayuwayu hatui kunywa. Huteremka kwa kasi, hufungua mdomo, hugusa maji na kuendelea na safari. Bi Mkia alijilaza kwenye tope asubuhi kadhaa, akileta filamu zake kwa Popo naye akizirudisha kimyakimya, kwani utani ulikuwa umeanza kumtia haya. Halafu siku moja mlango wa chumba cha giza ukafunguka kwa kishindo. Popo alitoka mbio na karatasi mbichi mikononi, maji yakidondoka kwenye korido nzima.

"Ana mdomo!" alikuwa akipiga kelele. "Jamani, njooni! Huyu ana mdomo!"

Tulitoka wote. Alikuwepo mbayuwayu mzima, mabawa juu, mdomo umegusa maji, na nyuma yake mchirizi mwembamba kama uzi uliovutwa. Popo hakukubali mtu mwingine aishike picha ile mpaka mkuu wa kituo alipokuja. Mkuu aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kama kuna nyingine, akaambiwa bado. Akasema, "Basi mpeni lenzi ndefu tuone." Tangu hapo ndege wa droo walipata kuonana na Bi Mkia siku mbili tu kwa wiki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Alimpiga picha mdiria akichomoka majini na samaki, matone yamemzunguka. Aliwapiga yangeyange wakirudi kulala, safu nyeupe juu ya mapaa ya mji. Alimpiga mwewe akigeuka hewani, kucha juu, kumkabili kunguru aliyekuwa akimchokoza. Picha zake ndizo zilizotengeneza ile chati kubwa ya ndege warukao inayoning'inia katika madarasa mengi ya mji huu, na watoto wengi wamejifunza kumtambua mwewe kwa umbo la mabawa yake angani kabla ya kumwona kwa karibu. Watafiti wetu walizitumia kuhesabu manyoya, kusoma pete zenye namba tunazowavisha ndege miguuni, na kujua nani anabeba chakula gani kwenda kwenye kiota kipi.

Namna yake ya kazi ilikuwa vituko vitupu. Akiwa peke yake kwenye majani huwabembeleza ndege kwa sauti ya chini, na wote huwaita shemeji. "Haya shemeji, pita hapa. Usione haya. Hapa hapa, shemeji yangu." Aliwahi kujilaza chini ya turubai la majani alilokuwa ameshonewa na mumewe, akatulia kiasi kwamba mpita njia mmoja alikimbilia getini na kumwambia mlinzi kuna maiti kule bwawani. Mlinzi alikwenda na mwiko wa jikoni, silaha aliyoipata karibu. Alipoinama kuinua turubai, maiti ikamwambia, "Nyamaza wewe, utamfukuza."

Wanaofika kituoni miaka hii wanafahamu habari hizo za kuchekesha. Wachache wanaijua habari inayofuata, na Bi Mkia amekubali ielezwe.

Miaka tisa iliyopita picha zake zilianza kuharibika. Kwanza ndege mmoja mmoja aliyefifia, halafu safu nzima. Alilaumu lenzi, ikapelekwa kwa fundi na kurudi ikiwa nzima. Alilaumu kamera mpya za kisasa zilizokuwa zimechukua nafasi ya filamu. Kisha siku moja, mezani, aliuliza kwa nini nimemwandikia herufi za kupinda. Nilitazama karatasi. Herufi zilikuwa zimenyooka.

Daktari wa macho alimweleza kwa upole. Nyuma ya jicho lake la kulia, pale katikati panapoona vitu vidogo, palikuwa pameharibika. Pembeni angeendelea kuona, lakini katikati pangebaki doa, na miwani isingesaidia. Jicho la kushoto lilikuwa salama. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa habari njema. Kwake, jicho la kulia ndilo lililokuwa likichungulia kwenye kamera tangu studio ya pazia la buluu. Alijaribu kuweka la kushoto. Pua ikamzuia, mikono ikachanganyikiwa, na ndege akawa anapita upande mmoja wakati kiuno kinaelekea upande mwingine.

Alikwenda kwa mkuu wetu wa sasa, mama mmoja mkavu wa maneno, akaomba arudishwe kwenye ndege wa droo.

"Sawa," mkuu akamjibu. "Utarudi kwenye droo. Lakini sitaajiri mpiga picha mwingine wa ndege warukao kwa sasa. Kamera yako iko kabatini, na ufunguo ninao."

Zile zilikuwa siku za huzuni kwenye chumba chetu. Bi Mkia aliwapanga ndege waliokaushwa chini ya taa, akawapiga picha, akawarudisha. Hakuwaita shemeji. Mbayuwayu wakianza kelele nje, alifunga dirisha akisema kuna vumbi. Nilimwandikia maelezo ya kuchekesha ili acheke, akayasoma na kunishukuru, na hiyo shukrani ndiyo iliyoniuma.

Nyumbani, mumewe hakuwa na maneno mengi. Jioni moja alitoa vifuko vya zamani sandukuni, akabadili tepe zilizochakaa, akaenda kusimama kwenye pembe yake ya ua. Bi Mkia alimwambia asijisumbue. Akarusha hata hivyo. Mkewe akatoka na kamera yake ya nyumbani, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu, na jicho la kushoto likaanza shule. Kwa muda mrefu halikupata kitu. Mume alirusha, mke alikosa, wakaokota, wakaanza tena, na watoto wao, ambao sasa walikuwa watu wazima na wenye nyumba zao, walipopiga simu waliambiwa baba na mama wana kazi.

Halafu jioni moja fundi cherehani alisita na kifuko mkononi.

"Subiri kwanza," akasema. "Umegeuka kabla hakijafika mbele yako. Umejuaje kwamba nimerusha?"

"Nimekiona kikija."

"Kwa jicho gani? La kushoto liko ndani ya kamera."

Bi Mkia alishusha kamera. Alifumba jicho la kushoto kwa kiganja na kumtazama mumewe kwa lile bovu. Uso wake haukuwepo, mahali pake palikuwa na doa la kijivu. Lakini mkono wake aliokuwa akiupunga pembeni, ule aliuona vizuri kabisa. Jicho ambalo halikuweza tena kusoma herufi moja lilikuwa bado linanasa chochote kinachosogea kando. Zamani alikuwa akilifumba la kushoto na kuachia bahati imletee ndege. Sasa angeweza kuliacha la kulia wazi, likae mlangoni kama mlinzi, limwambie anakuja, na la kushoto limpokee.

"Rusha," alimwambia mumewe. Na sauti, mumewe anatuambia, ilikuwa ile ya zamani.

Ofisini hakusema neno. Aliendelea na droo zake.

Majira hayo ndipo mwari alipoletwa, ndege mkubwa mweupe aliyenaswa na mshipi wa kuvulia samaki na kuvunjika bawa la kushoto. Daktari wetu wa wanyama, kijana mwenye mikono ya taratibu, alimtibu kwa miezi. Ndege alikaa ndani kama jina lake linavyotaka, kama mwari wa unyago, akila vizuri na kumdonoa kila aliyefagia karibu naye. Bandeji ilipotolewa, akahamishiwa kwenye ukumbi wetu wa wavu, ambako ndege wanaopona hujaribu kuruka kutoka jukwaa moja hadi jingine.

Shida ilikuwa hii. Mwari anaishi kwa kuruka mbali kutafuta samaki. Akiachiliwa na bawa lisilofunguka sawasawa, atachoka, atatua mahali pabaya, na atakufa. Akizuiwa bila sababu, anamaliza maisha yake nyuma ya wavu. Ndani ya ukumbi ule aliruka kwa muda mfupi kama kupiga chafya, na jicho la mtu halikuweza kulinganisha bawa na bawa. Dokta alihitaji picha ya ndege akiwa amekunjua mabawa yote mawili, kwa chini yake. Alijaribu mwenyewe kwa simu. Akatuletea alichopata, akaiweka simu mezani kwetu. Ilikuwa mikia.

Bi Mkia alizipitia zote. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu nikaona bega lake linatikisika kwa kicheko.

"Dokta," akasema, "karibu kwenye ukoo." Kisha akanyanyuka, akaenda kuomba ufunguo wa kabati.

Nilikwenda naye ukumbini siku hiyo, nikisingizia kwamba nahitaji habari za kuandika. Alilala chali katikati, chini ya njia ya ndege. Alibandika jicho la kushoto kwenye kamera na kuliacha la kulia likikodolea wavu. Mhudumu alionyesha samaki upande wa pili. Mwari akaruka. Kitufe kikalia mfululizo, na Bi Mkia akabaki amelala, hainuki. Nilidhani amekosa. Nilipokaribia nikamsikia akinong'ona, "Asante, shemeji."

Picha zilikuwa angavu kila unyoya. Na zilileta habari mbaya. Bawa la kulia lilikuwa limefunguka lote. La kushoto lilikuwa limebaki limejikunja kidogo kwenye ncha, kama mtu anayeficha kidole. Dokta alikuwa amepanga kumwachilia wiki ile ile. Wageni walikuwa wamealikwa, hata viti vilikuwa vimepakuliwa. Alizitazama picha, akavuta kiti kimojawapo, akakaa.

"Ningempeleka kufa," akasema.

"Hujampeleka," Bi Mkia akamjibu. "Haya, tufanye nini?"

Walichofanya ni kumpa mwari kazi. Majukwaa yalisogezwa mbali zaidi, samaki wakawekwa juu zaidi, na bawa likakandwa kila asubuhi, mwari akidai malipo ya mdonoo kwa kila mkando. Kila wiki Bi Mkia alilala chini ya njia yake na kupiga picha mpya. Dokta alizibandika kwenye mlango wa zahanati, na sote tukawa tunapita pale kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani wa mtoto. Wapishi walibishana kuhusu ile ncha ya kushoto. Mlinzi alidai yeye ndiye aliyeona kwanza ikinyooka. Hatimaye ikabandikwa picha ambayo hakuna aliyeweza kusema lipi ni bawa lililovunjika, na Dokta akaandika tarehe ya kumwachilia.

Tulimpeleka bwawani asubuhi. Sanduku likafunguliwa. Mwari akatoka kwa madaha, akaingia majini, akaoga. Akajipanga manyoya. Akaoga tena. Wageni walianza kutazama saa, mkuu akahutubia ili kujaza muda, akaishiwa maneno, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Bi Mkia alikuwa amepiga magoti kwenye tope mbele yetu na hakugeuka hata mara moja. Kisha ndege akanyoosha shingo, akaanza kukimbia juu ya maji, mzito, miguu ikipiga kwa kishindo. Akainuka. Akazunguka bwawa, akapita juu yetu chini kabisa, tukausikia upepo wa mabawa. Ile picha kubwa iliyopo kwenye lango letu la kuingilia ndiyo ya dakika hiyo.

Dokta alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Lakini furaha ilikuwa na wasiwasi ndani yake, maana kuinuka siku ya kwanza si kuishi. Msimu wa mvua ulipita. Wari wengine walirudi bwawani, kundi kubwa, na Bi Mkia akawa anatoka kila alfajiri kuwapiga picha wakitua, akikuza kila picha kwenye kompyuta na kutafuta pete miguuni. Sikuwahi kumwona mtu akikagua miguu kwa bidii namna ile. Asubuhi moja alinivuta kwa mkono wa shati. Kwenye kioo palikuwa na mwari anayeteremka, mabawa yote mawili wazi mpaka mwisho, miguu mbele, na kwenye mguu mmoja pete yenye namba yetu. Pembeni yake alikuwa mwari mwingine, na siku chache baadaye tukajua walikuwa wanajenga kiota.

Daktari wa macho aliposikia habari hiyo aliomba nakala ya picha kwa ajili ya chumba chake cha kungojea. Bi Mkia aliipeleka mwenyewe, akabaki huko mchana mzima. Tangu hapo huenda mara kwa mara kukaa na watu waliotoka kuambiwa habari nzito, na wengine wao huja kituoni kumtembelea. Wapo ambao sasa wana kamera. Mmoja ni mwalimu aliyepoteza jicho lote, na picha yake ya membe akigeuka juu ya mawimbi ilishinda picha za kila mtu katika maonyesho yetu ya mwaka jana, pamoja na za Bi Mkia, ambaye alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Kazi yake sasa inachukuliwa na dada wa mapokezi, aliyefundishwa na yeye mwenyewe kwa miaka miwili na ambaye kiuno chake, kwa maneno ya mwalimu wake, kinasikia. Mumewe naye anafunga duka. Wamepata nyumba ndogo upande wa pili wa bwawa, yenye baraza linalotazama maji. Wajukuu wameshajigawia siku za kwenda. Bi Mkia amesema hataki kusikia neno kupumzika. Anataka kuwapiga picha korongo wanaopita juu ya bwawa kila mwaka wakielekea mbali, ndege ambao katika miaka yote hii hakuwahi kuwapata vizuri kwa sababu walipita siku za mikutano.

Na hapo tumefika kwenye tangazo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza. Sherehe ya kumuaga ilipangwa kufanyika asubuhi ya siku yake ya mwisho kazini. Jana korongo wa kwanza walionekana kaskazini mwa mji, na kwa upepo huu watakuwa juu ya bwawa asubuhi hiyo hiyo. Mgeni wetu wa heshima ametuarifu, kwa adabu, kwamba hatahudhuria. Mkuu wa kituo amefikiri kidogo na kuamua hivi: asubuhi ofisi zitafungwa, sote tutakwenda bwawani pamoja naye, tutalala chini na kunyamaza. Hotuba, zawadi na chakula vitasubiri alasiri. Anayetaka kuja avae nguo zisizoogopa tope.

Bi Mkia, tunakushukuru kwa kutuinua nyuso kutoka kwenye droo. Tunamshukuru fundi cherehani wako, na tunamkumbuka mama mkwe wako kwa shabaha yake. Nenda na afya njema, mwanga wa kutosha, na miaka mingi ya kuchelewa kurudi nyumbani. Tutaonana alfajiri. Dokta ameshaomba kulala karibu nawe, na ameahidi kutokupiga chafya.